Kikanda cha Futari

Jua lilikuwa linaelekea kuzama, Edith akikung'uta kapu lake uani, pale nusu ya kiazi ilipodondoka miguuni pake. Aliiokota, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

Miaka ishirini alikuwa akichimba kikanda, viazi vya okidi ya porini, kwenye msitu wa miyombo nyuma ya kitongoji cha Kasungami. Huvitwanga, huvipika na karanga, pilipili na magadi mpaka vigande kama keki, na mtaa mzima wa Ruashi ulimjua kwa mkono huo. Viazi vya kikanda ni viduara. Hiki kilikuwa kirefu, kimepinda kama kiwiko: mzizi wa lile ua jekundu linalotambaa, ambalo marehemu mama yake alimwonya kuwa linaua. Jana mvua ilimkimbiza porini, akachimba mbiombio bila kutazama majani. Haraka haraka haina baraka, na yeye, mjinga, alilijua hilo!

Nusu ya pili imekwenda wapi, kama si kwenye kinu?

Sufuria lilikuwa bado limejaa, hajauza hata kipande. Lakini sinia la kwanza lilikuwa limeshakwenda kwa jirani yake Fatouma, nyumba ya watu saba, kwa ajili ya futari. Edith alikimbia pekupeku, macho kwenye jua lililobaki kidogo tu juu ya mabati. Mungu wangu, wasiwe wameanza!

Alipoingia uani kwao, adhana ilikuwa inaanza. Fatouma alikuwa na tende mkononi, kikanda kimekatwa mbele ya watoto.

"Musikule! Musikule ile kikanda!" Edith alipiga sinia teke, vipande vikatapakaa mchangani.

"Mama Edith! Iko nini?"

"Muzizi ya mubaya iliingia mu kinu. Nilikosa, mama, nilikosa! Kuko mwenye alikula?"

"Hapana. Tulikuwa tunafunga tangu asubui, batu bote."

Edith alikaa chini pale pale, akalia na kucheka kwa pamoja. Wote saba wazima!

Fatouma hakucheka. Alimjua jirani yake: hapeleki kikanda kwa mtu kabla ya kula kona ya kwanza mwenyewe, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Na weye," aliuliza polepole, "ulionja saa ngapi?"

Kicheko kilimkauka Edith mdomoni.

"Saa sita ya muchana," alisema, na mkono wake ukashuka tumboni.