Mlango Wetu Darasani

Kazi ya nyumbani ya Kiingereza tuligawana mimi na Kasuku, rafiki yangu wa dawati moja: yeye sarufi, mimi hadithi. Sarufi aliimeza kama maji, lakini hadithi zilimpiga chenga.

Safari hii tuliulizwa kwa nini mwanamke wa kwenye hadithi hafungi mlango wake kwa komeo. Kasuku akasema labda anasahau. Nikacheka, kisha nikamnong'oneza jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: hata mama yangu hafungi komeo, tangu baba alipoondoka.

"Anamsubiri," nikasema. "Lakini hilo liishie hapa hapa."

Akaapa.

Kesho yake mwalimu alipouliza, Kasuku alinyoosha mkono kabla ya wote. "Anamsubiri mumewe, mwalimu. Kama mama yake huyu!" Akaninyooshea kidole. "Mume kamkimbia, na yeye komeo hafungi mpaka leo!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye, Mungu amsamehe, akasema, "Mfano mzuri sana!"

Jioni nilibamiza komeo mpaka mlango ukatikisika. Mama akainuka, akalifungua, akarudi kwenye sufuria yake.

Punde mlango ukasukumwa. Mama akageuka haraka. Hakuwa baba. Alikuwa Kasuku, daftari kwapani, meno yote nje.

"Shikamoo, mama. Nimekuja mwenzangu anieleze shairi la kesho."

"Marahaba, mwanangu," mama akamjibu. "Pita tu. Hapa kwetu mlango haufungwi."