Sindano ya Ijumaa

Marlys Oberlin alipomnunua yule farasi wa kahawia mnadani, pua na mdomo na lori la machinjioni, majirani walisema mjane kapata wazimu mpya. Hakuwajibu. Lakini siku farasi alipotoka mbio na gari alilokuwa akilikokota, huku mwanawe Dwight akivuta hatamu kwa nguvu zake zote, wakaparamia uzio na Dwight akavunjika mkono, hata yeye akaingiwa na hofu. Dwight akampigia daktari wa mifugo aje Ijumaa na sindano ya kummaliza.

Marlys hakubisha sana. Aliomba tu ajue kwanza mnyama huyu katoka wapi, maana hata mwizi huulizwa jina kabla ya kufungwa. Chini ya singa, shingoni, palikuwa na alama nyeupe ya herufi na tarakimu wanayopigwa farasi wa mbio za magari ya magurudumu mawili. Akawasomea watu wa chama cha mbio alama hiyo kwa simu. Kumbe aliitwa Tolliver, na aliwahi kushinda. Mmiliki wake wa zamani naye akasema alimuuza kwa Mwamishi mmoja, wa lile dhehebu la Wakristo ambao hadi leo husafiri kwa magari ya farasi, Emanuel Yutzy, ng'ambo ya kilima.

Ijumaa asubuhi Marlys akaenda, tayari kusikia kwamba Tolliver ameua mtu. Alimkuta Yutzy akitembelea fimbo mbili. Mzee alisimulia kwamba farasi huyo aliwapeleka ibadani miaka na miaka, watoto wachanga wakiwa wamelala garini. Yeye alipolazwa hospitali, wanawe walimpeleka farasi mnadani, na hakuambiwa mpaka aliporudi akakuta zizi tupu. Aliposikia habari ya sindano, alichukua kofia yake. Dini yake inamkataza kuendesha motokaa, si kupewa lifti, basi akapanda pikapu ya Marlys bila kungoja kukaribishwa.

Walimkuta daktari ameshafika, mkoba uko chini, Dwight kasimama kando na mkono wake wa plasta. Yutzy akaomba farasi afungwe garini. Dwight akakataa katakata, Marlys akamfunga mwenyewe.

"Mnamsimamishaje?" mzee akauliza alipokwisha kupanda.

"Navuta. Kwani watu husimamisha farasi vipi?" Dwight akasema.

"Na akizidi mbio?"

"Nazidi kuvuta."

Yutzy akatikisa kichwa. "Kijana, huyu kafundishwa uwanjani. Kule ukikaza hatamu unamwambia kimbia. Ukizidi, azidi."

Akamwondoa kwa mwendo wa kasi kuzunguka malisho. Penye uzio uliovunjika, Marlys akafumba macho. Alipofumbua, mzee alikuwa amelegeza hatamu zikaning'inia, na Tolliver alikuwa anatembea polepole, kisha akasimama tuli.

"Hajawahi kukukaidi hata siku moja," Yutzy akamwambia Dwight. "Alifanya ulichomwambia."

Marlys alilia waziwazi, kilio cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, akiwaza jinsi mnyama yule alivyokuwa karibu kufa kwa ajili ya utii wake. Daktari akakohoa, akauliza sasa yeye afanye nini.

Aliyejibu ni Dwight. "Mtazame meno, maadamu umekuja," akasema, akaenda kumshikia Tolliver kichwa kwa ule mkono wake mzima.