Kitufe cha Mwalimu Zefania

"Makala hii imependekezwa kufutwa." Nilisoma maneno hayo nikiwa kwenye steshenari yangu, Same mjini, na mteja akasubiri fotokopi mpaka akachoka. Makala ilikuwa yangu, kwenye kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandikia. Ilieleza ndiva ya kwetu Suji, bwawa la kumwagilia mashamba, na jinsi babu yangu Joshua alivyolichimba. Babu hakuacha picha wala kaburi lenye jina. Alikuwa na makala ile tu.

Aliyependekeza alikuwa Zefania, mwalimu mstaafu wa pale pale Same, mmoja wa wale wachache waliopewa kitufe cha kufuta. Nilimwandikia papo hapo: "Nani amekuruhusu kumfuta babu yangu?"

Akajibu: "Makala yako haina chanzo. Kitufe ninacho, Yudith, ila sifuti peke yangu. Nipeleke kwa wanaoijua ndiva."

Tulipanda naye Suji Jumapili, maana alijua watu wa kule ni Wasabato, Jumamosi wako kanisani. Tulimkuta Bibi Lukia, mzee kuliko wote kijijini, barazani anachambua maharage. Tukamwamkia shikamoo, kisha nikamsomea makala kwenye simu, kifua mbele. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Joshua achimbe peke yake? Weee! Yule alikuwa mlinzi wa maji. Walichimba koo tatu, na mawe tuliyabeba sisi wasichana. Hata kufungulia maji hakuthubutu peke yake. Lazima asimame na mtu wa ukoo mwingine."

Aibu niliyoisikia, jamani! Nyumbani tulizoea kuiita ndiva ya Joshua, nami nikatia chumvi. Bibi akatupeleka kwa katibu wa ndiva, mwenye daftari kuukuu la majina ya wachimbaji. Babu hakuwemo. Alitajwa ukurasa wa mwisho, kati ya walinzi.

"Ifute tu, Mwalimu," nikasema, machozi yananilenga.

"Afute ya nini?" Bibi Lukia akadakia. "Si muongeze watu?"

Tukawaongeza wote, na wasichana wa mawe pia, tukaonyesha daftari kuwa chanzo. Babu yumo bado, mlinzi wa maji, pale anapostahili. Namshukuru Mwalimu mpaka leo kwamba hakubonyeza.

Mwaka jana nami nilipewa kitufe. Wiki ya kwanza tu nikakutana na makala ya uongo mtupu, kidole kikaniwasha. Nikampigia simu Mwalimu.

"Makala ya nani?" akauliza. "Umeshamuuliza mwenyewe?"