Kiti cha Moreto

Kiingereza nilikifeli mara mbili kabla sijaanza kukifundisha, kwa hiyo najua kinapoumiza. Shuleni kwetu Kang'ata kinaumiza kwenye "the". Watoto waliandika "Moreto is tallest" wakaridhika, maana Kiswahili hakina mdudu huyo.

"Warefu ni wengi," nikawaambia, "ila mrefu kuliko wote ni mmoja, naye apewe kiti. 'The' ndicho kiti. Mnataka Moreto asimame mwaka mzima?"

Walicheka. Moreto, kijana wa wafugaji, alikuwa mrefu hata akipita mlangoni aliinama kama anaupa shikamoo. Tangu siku ile, mtu akisahau "the", darasa zima lilidai kwa pamoja kiti cha Moreto, na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa mdogo wake, Naanyu.

Kisha malisho ya kwetu Handeni yakakauka. Moreto akaaga, akashusha ng'ombe wa baba yake hadi mto Pangani, upande wa Korogwe. Ndama akatumbukia, naye akamfuata. Ndama alitoka. Mwili wa Moreto waliuopoa Hale, chini zaidi mtoni.

Baada ya msiba Naanyu alirudi darasani akiwa kimya. Nilimtania, nikamtuma chaki, nikamwita mheshimiwa, wapi. Nilichotaka ni kusikia tena sauti yake, basi.

Siku ya marudio nikauliza nani sasa mrefu kuliko wote. Swali lilikuwa limeshanitoka ndipo nikalisikia. Denis, ambaye hana ubaya, akasema ni Naanyu. Kweli ilikuwa yeye; urefu ule ni wa ukoo. Nikampa chaki, nikiomba Mungu ule mchezo wetu umrudishe.

Akaandika taratibu: "Naanyu is tallest."

Darasa likafumbua midomo kudai kama kawaida. Halafu midomo ikafungwa, mmoja mmoja. Ile kelele yetu ilikuwa na jina la marehemu ndani yake.

"Umesahau nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Sijasahau, mwalimu." Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa bure. "Kile kiti kina mwenyewe."

Kosa hilo nimelizungushia wino mwekundu tangu nianze kazi. Nikachukua chaki mkononi mwake, nikaliwekea alama ya vema, nikawaambia wafungue ukurasa mwingine. Hakuna aliyeuliza, hata Denis, ambaye huuliza hata kengele ikishalia.