Ua la Dhahabu

Katika nchi ya Watamili, waimbaji pekee ndio walioweza kumkosoa mfalme wasikatwe kichwa. Ndiyo maana kijiji kilimtuma kwa mfalme mwimbaji wake, Venmani. Mfalme jirani alikuwa ameomba amani, naye mfalme wao akamrudisha mjumbe akiwa amenyolewa nusu kichwa. Vita vikianza, kijiji chao cha mpakani ndicho kingeungua kwanza, na binti ya Venmani alikuwa huko, mjamzito.

Katika ukumbi wa mfalme, Venmani alipiga kinubi, akaimba bila kumung'unya maneno: mfalme asiyesikia ila sauti yake mwenyewe, mwisho hutawala majivu.

Mfalme alifuta machozi.

"Mama wee, una sauti! Kinubi hakioni ndani."

"Na maneno yangu, Bwana wangu?"

"Matamu! Utatuimbia tena tukirudi na ushindi."

Akamchomeka nyweleni ua la dhahabu, tuzo ya waimbaji bora.

Uani, makuhani walikuwa wameshaanza kuilisha ngoma ya vita wali mwekundu wa damu, kama ilivyo desturi kabla ya jeshi kuondoka. Venmani alishika njia ya nyumbani kwa miguu, akijua farasi wa vita watamtangulia.