Daktari wa Machimboni

Fundi cherehani alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, na kueleza kazi ya mtoto huyo kulimshinda. Wateja waliokuja kupimwa magauni walimwuliza kama binti kamaliza masomo. Kamaliza, ni daktari sasa, angejibu. Hospitali gani? Si wa hospitali, ni wa chuo kikuu. Kabeba shahada zote zilizokuwepo, kisha wakampa miaka mingine ya utafiti, na sasa anaishi msituni na wachimbaji wa dhahabu wasio na leseni, anajifunza maisha yao.

"Kwa hiyo bado anasoma," wateja walihitimisha. Shoga yake, muuza vitambaa, aliongeza kwamba mtoto wa watu karuka majivu kakanyaga moto: kaukimbia umaskini wa nyumbani, kaenda kuutafuta porini. Fundi alicheka nao, kisha akakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko nguo ilivyohitaji.

Siku moja binti akapiga simu. Wilaya ilitaka kuwafukuza wachimbaji wote kwa kuharibu mto, na yeye ameitwa kikaoni aeleze aliyoyaona. Angefurahi mama akiwepo.

Mama akamshonea gauni jipya, akalipiga pasi, akaenda nalo. Binti alifika kwa pikipiki, kachelewa, buti zimejaa tope. Mama akamvuta pembeni abadilishe nguo, lakini jina lilikuwa limeshaitwa. Akaingia hivyohivyo, nyayo zikimfuata sakafuni.

Alizungumza bila kusoma popote. Hakuwafichia wachimbaji makosa yao: zebaki wanayokamatia dhahabu inaingia mtoni, na watoto wao ndio wa kwanza kuyanywa maji hayo. Lakini kambi za bondeni, alisema, zimekubaliana zenyewe kutochimba ukingoni na kufukia shimo kuu kabla ya kufungua jipya. Anayekaidi hutimuliwa na wenzake. Mkiwaondoa hao, wataingia wengine wasiojuana na wasioogopa aibu.

Mwenyekiti alimsifu. Kisha akamwomba ramani ya mashimo pamoja na majina ya wenyewe, na akadokeza kwamba nafasi ya mshauri wa misitu ipo wazi, ya kudumu, na mtu kama yeye angeifaa sana.

Mama alikuwa amemsomesha kwa sindano na uzi. Ajira ya kudumu aliijua thamani yake. Nusu yake ilitaka kusimama iseme, chukua, mwanangu.

"Majina sitatoa," binti alisema. "Walinipokea kwa ahadi hiyo. Nikiivunja, hakuna atakayemwambia mtu ukweli tena, na ninyi mtabaki kubahatisha. Mkitaka kuzungumza nao, nitawaleta wenyewe."

Fundi akajikuta kanyooka kitini. Mzee wa kando yake akamnong'oneza, huyo ni nani?

"Wangu huyo," alijibu, wala hakunong'ona. "Nimemzaa mimi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na raha yake pia.

Walibishana hadi mchana. Mwishowe wakakubali ukingo wa mto ufungwe, ufukuzaji usimame, na wachimbaji waitwe mezani. Ile nafasi ya mshauri alipewa mwingine.

Nje, binti aliuliza kwa sauti ndogo kama mama kakasirika.

"Nikasirike nini? Nipeleke huko kwenu nikapaone."

Wakaenda. Njia ilikuwa ya utelezi, miti imefunga mbingu, na mama alilalamika kuhusu magoti yake mwendo mzima. Kwenye maturubai ya kambi, wanawake waliokuwa wakiosha mchanga walisimama, wakajifuta mikono kwenye kanga zao, wakamsogelea.

"Shikamoo, mama Daktari."

"Marahaba, wanangu," aliitika, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. Binti akageukia upande wa pili ili asionekane anavyotabasamu.