Ziwa Lililofutwa kwa Wino Mwekundu

Ofisini walimwita Bi Ramani, naye aliitika tu, maana jina likishakukaa utalivua vipi? Kazi yake ilikuwa kulinganisha ramani za zamani za mlima na picha za siku hizi zinazopigwa kutoka angani, ajue msitu umerudi nyuma kiasi gani na kijito kipi kimekauka. Kila tofauti aliyoiona aliiingiza kwenye safu moja kati ya mbili: mabadiliko, au kosa la mchoraji.

Sasa mezani palikuwa na karatasi ya kumi na saba, na mchoraji wake alikuwa babu yake mwenyewe, mzaa baba. Karibu na kilele babu alichora ziwa dogo. Juu ya ziwa hilo mtu alipitisha mstari wa wino mwekundu, akaandika: Halipo.

Kisa hicho Bi Ramani alikijua tangu utotoni. Ramani ilipotoka, wapimaji wapya walipanda kulitafuta ziwa, wakakuta mawe matupu. Babu akaachishwa kazi, na mtaa mzima ukampachika jina la Mzee Ziwa. Mtoto akidanganya, wenzake walimuuliza kama ametoka kuoga kwa Mzee. Babu alikufa na aibu yake, na baba, ambaye sasa ana miaka sabini na tisa, hataki hata kulisikia neno hilo nyumbani kwake.

Mkuu wa idara, mtu wa haraka zake, alisema liingizwe kwenye makosa yaishe, ripoti inachapishwa Ijumaa. Alisahau kwamba kwa Bi Ramani halikuwa ziwa tu. Babu angeitwa mwongo mara ya pili, na safari hii kwa mkono wa mjukuu wake. Akaomba siku moja.

Akaweka karatasi ya zamani juu ya picha mpya, nguzo ya kupimia, ile ambayo vipimo vyote huanzia, juu ya nguzo ya kupimia, kama wote walivyofundishwa. Ajabu! Mahali mito miwili inapokutana kwenye ramani ya babu palikuwa pamesogea mashariki. Mwamba mkubwa nao umesogea, kiasi kilekile, na njia ya wachungaji vilevile. Akafuta miwani, akapima tena. Wahenga walisema milima haikutani, hawakusema inahama. Kama kila kitu kimehama pamoja, basi kilichohama ni nguzo.

Udadisi ukampanda, chakula cha mchana akakisahau. Alipekua majalada ya stoo mpaka akapiga chafya kumi, ndipo akaipata barua ya fundi mmoja: nguzo ya zamani imechukuliwa na maporomoko, mpya imejengwa kwenye mwamba imara, hatua mia nne mashariki. Chumba cha ramani hakikuambiwa. Kumbe wale wapimaji walianzia nguzo mpya kwa vipimo vya nguzo ya zamani, wakaangukia mahali pengine kabisa!

Akaisogeza karatasi. Ziwa la babu likatua nyuma ya mgongo mmoja wa mlima, penye kibonde cha majani makavu. Maji hayapo leo. Je, siku ile? Akatafuta picha ya ndege iliyopigwa mwaka mmoja baada ya ule wino mwekundu, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Maji yalikuwepo, meusi, yametulia. Bi Ramani alicheka peke yake, kisha akalia.

Jioni alimpelekea baba nakala zote, akitegemea furaha. Mzee alizitazama, akauliza picha ni ya mwaka gani. Akaambiwa. Akaweka kidole juu ya mgongo ule.

"Hapa napajua," alisema. "Walipomfukuza, babu yako alinichukua tukalitafute. Macho yake yalishaingia ukungu, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Akanituma nipande mgongo huu niangalie upande wa pili."

"Ukaona nini, baba?"

"Sikufika. Baridi iliniuma, nikakaa kwenye jiwe katikati, nikarudi nikamwambia hakuna kitu. Akanishika bega, akasema, 'Basi mwanangu, itakuwa nilikosea.' Aliniamini mimi kuliko mkono wake."

Bi Ramani alimhurumia babu, akamhurumia na huyu mzee aliyeishi na jiwe lile miaka yote hiyo. Alimwambia tu kwamba kesho ziwa litaingia kwenye safu ya mabadiliko, na jina la babu litaandikwa kama mtu aliyepima sawasawa.

"Liandike," baba alisema. "Halafu unipeleke."

Bi Ramani akamkumbusha magoti yake mabovu.

"Nitafika katikati, patanitosha. Nitakaa kwenye jiwe langu. Wewe upande, uangalie, urudi uniambie ulichokiona."